Mchunga Ni Mboga Kwanza

Mvua za kwanza za masika zikishalowesha shamba lililolimwa, mchunga huwahi kuchipua kabla mahindi hayajasimama. Hakuna aliyeupanda. Mwenye shamba anaung'oa kwa jembe na kuutupa mpakani, huku akilalamika kwamba gugu hili halifi. Jirani yake, hasa akiwa mama aliyekulia Kilifi, Kwale au Tanga, anapita na kikapu, anainama, na jioni nyumbani kwake kunaliwa ugali kwa mchunga wa nazi. Kisha yuko mtu wa tatu, na wa namna hii wanazidi kuongezeka mijini: amesikia kwamba mchunga unatibu malaria, kisukari, presha, taifodi na minyoo, basi ananunua mafungu sokoni, anachemsha majani na mizizi, anakunywa kwa vikombe asubuhi na jioni, na mboga yenyewe hajawahi kuionja.

Naandika kwa ajili ya wote watatu, na msimamo wangu nautoa mapema. Mchunga ni mboga kwanza. Unastahili kupandwa bustanini kwa makusudi, kuchumwa kwa wakati wake na kupikwa na mtu anayeujulia. Habari za dawa zina mahali pake, nami nitazifikia. Lakini sifa ya udawa imewafanya watoto wauogope mchunga na wagonjwa wauamini kupita kiasi, na yote mawili ni hasara.

Mmea ninaouzungumzia wataalamu wa mimea huuita Launaea cornuta. Wamijikenda huuita mutsunga, na kwao si chakula cha dhiki. Ni mboga inayotafutwa, inayouzwa kwa mafungu sokoni kuanzia Malindi hadi Mombasa, na inayokumbukwa na mtu aliyehamia mbali. Patrick Maundu na wenzake wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walipotoa mwaka 1999 kitabu chao kikubwa kuhusu mimea ya chakula cha asili nchini humo, mchunga ulikuwa miongoni mwa mboga walizozieleza. Hauko pwani peke yake. Utaukuta kutoka usawa wa bahari hadi nyanda za zaidi ya mita 1,500, Tanzania, Kenya, Uganda na kusini mpaka Msumbiji, popote ardhi ilipochokorwa na jembe.

Ni wa familia moja na alizeti, pareto na saladi, na pia mbigili za Ulaya, ingawa wenyewe hauna miiba ya kuchoma. Majani yake ni marefu na membamba, na kingo zake zimekatika vipande vinavyochongoka kuelekea nyuma, upande wa shina. Majani ya chini hujipanga kwa duara juu ya ardhi. Baadaye katikati hupanda shina lililo wima, tupu ndani, linaloweza kufika mita moja na zaidi. Ukivunja jani au shina, utomvu mweupe hutoka mara moja. Maua ni madogo na ya njano, na yakikomaa hugeuka kuwa vishungi vya manyoya meupe vinavyopeperushwa na upepo, kila unyoya ukibeba mbegu yake. Chini ya ardhi kuna kitu muhimu kuliko vyote kwa anayetaka kuupanda au kuuondoa: mizizi minene kiasi, inayotambaa kwa ulalo na kutoa vichipukizi vipya mbali na mama yake.

Kabla ya kula mmea wowote wa porini, jifunze unaofanana nao. Hapa ninaomba msomaji asiwe na haraka. Mbaruti, ule wenye asili ya Amerika ambao sasa umejaa kando ya barabara na kwenye mashamba yaliyochoka, nao una maua ya njano na majani yaliyokatika kingo. Lakini majani yake yana miiba, yana mistari myeupe juu ya mishipa, na utomvu wake ni wa njano. Huo ni sumu. Mbegu zake nyeusi, ndogo kama za haradali, ziliwahi kuchanganyika na mafuta ya haradali mjini Delhi mwaka 1998. Watu walivimba miguu, mioyo ikashindwa kazi, na zaidi ya 60 walikufa. Ukiona utomvu wa njano, acha.

Wala utomvu mweupe peke yake si ushahidi kwamba umeshika mchunga. Mziwaziwa una utomvu mweupe. Mnyaa una utomvu mweupe, nao ukiingia jichoni unaweza kuunguza mboni. Mchunga hutambuliwa kwa dalili zake zote kwa pamoja: umbo la jani, duara la majani ya chini, shina tupu, ua la njano lililoumbwa kwa vijinyuzi bapa, mizizi inayotambaa. Na njia iliyo bora kuliko picha zote ni kwenda shambani na mtu mzima anayeula tangu utotoni, akuonyeshe kwa mkono wake, kisha wewe umwonyeshe yeye mpaka aridhike kwamba umeujua.

Walioko nyanda za juu watakutana mara nyingi zaidi na ndugu yake wa karibu, Sonchus oleraceus, aliyekuja kutoka Ulaya na Asia ya magharibi na sasa yuko karibu dunia nzima. Huyu huishi msimu mmoja, ana mzizi mmoja unaokwenda chini, na majani yake hulikumbatia shina kwa masikio mawili yenye vijimwiba laini. Analiwa vilevile. Wagiriki na Waitalia humchuma porini, na Wamaori wa New Zealand, wanaomwita puha, humpika pamoja na nyama ya nguruwe. Mengi nitakayosema kuhusu kuchuma na kupika yanamhusu pia. Ya kupanda yanatofautiana, kwa kuwa yeye hutegemea mbegu.

Sasa tuingie bustanini. Wengi hucheka wakisikia mtu anapanda gugu. Lakini mchunga wa bustanini na mchunga wa mpakani hutofautiana sana mdomoni. Ule uliokua kwenye jua kali, katika udongo mkavu, ukaachwa mpaka ukatoa maua, majani yake ni magumu na uchungu wake haulainiki hata ukichemshwa. Ule uliopata maji ya kutosha, ukakua haraka na kuchumwa ukiwa mchanga, una uchungu wa kupendeza tu, na jani lake ni laini. Tofauti hiyo inatokana na malezi, na malezi yako mikononi mwako.

Njia rahisi ya kuanza ni kwa vipande vya mizizi. Mwanzo wa masika au vuli, udongo ukiwa umelowa, chimba kwa upole chini ya mchunga uliostawi, uvute mzizi unaotambaa bila kuukatakata ovyo. Kata vipande vya urefu wa kidole, kila kimoja kiwe na jicho moja au mawili, uvilaze kwenye mfereji wa kina cha vidole viwili hivi, uvifukie na kumwagia maji. Acha nafasi ya shibiri moja hivi kati ya kipande na kipande. Usivianike juani wakati unaandaa tuta. Vifunike kwa gunia bichi. Vikichipua, palilia kwa mkono, kwa sababu ukipiga jembe utakata mizizi michanga.

Mbegu nazo huota, ila zinataka uangalifu. Zikusanye asubuhi, upepo haujaanza, pale vishungi vinapoanza kufunguka. Zisugue viganjani uondoe manyoya, uzichanganye na mchanga mkavu ili zisidondoke mahali pamoja, uzisie juu juu na kuzifunika kwa udongo mwembamba mno. Mwagilia kwa maji ya kunyunyiza. Zikizikwa ndani hazitoki. Mimi nawashauri wanaoanza watumie mizizi, na mbegu wazihifadhi kwa ajili ya mahali pasipo na mchunga wa kuchimba.

Udongo uwe wa kichanga au tifutifu, usiotuamisha maji. Mchunga huvumilia udongo maskini, ndiyo maana tunauona kila mahali, lakini kwa mboga laini changanya samadi iliyooza vizuri au mboji. Samadi mbichi iache: hurundika naitreti kwenye majani na huleta vimelea vya tumbo kwenye mboga inayoota karibu na ardhi. Jua la asubuhi na kivuli chepesi cha mchana, kama chini ya mnazi au pembeni mwa migomba, vinaufaa sana, hasa miezi ya kiangazi. Weka matandazo ya nyasi kavu ili unyevu ukae. Ukikosa maji siku nyingi mmea hautakufa, kwa sababu mizizi imejiwekea akiba, lakini utakimbilia kutoa ua, na uchungu utapanda.

Kuna tahadhari moja ambayo asiyeifuata ataijutia: usiupande mchunga katikati ya shamba la mihogo au mahindi. Kila kipande cha mzizi kinachokatwa na jembe huwa mmea mpya, na anayelima ovyo mahali penye mchunga anausambaza kwa mikono yake mwenyewe. Upandie mahali pake pa pekee: tuta lililozungushiwa matofali yaliyozikwa, beseni kuukuu lililotobolewa, au gunia lililojazwa udongo. Gunia linawafaa zaidi wakazi wa mjini. Linakaa uani au barazani, mizizi haina pa kukimbilia, na kwa maji yaliyooshewa mchele mboga huchumwa mwaka mzima. Kata vikonyo vya maua kila vinapotokea. Hivyo utazuia mbegu kumwendea jirani na kuufanya mmea uendelee kutoa majani.

Wadudu si tatizo kubwa. Vidukari hupenda kujazana kwenye ncha changa, hasa kiangazi. Waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha suuza vizuri kabla ya kuchuma. Mabaki ya majani yaliyokomaa wape sungura, ambao huyala kwa hamu.

Kuchuma ni asubuhi, umande ukikauka. Kata ncha na majani machanga, uache kichwa cha mmea na vidole vitatu vya shina juu ya ardhi, nao utachipua tena. Chuma kabla ya maua. Yakishatokea, kata mmea wote chini uanze upya. Mchunga hunyauka upesi, kwa hiyo ukiwa unaupeleka sokoni ufunge kwa jani la mgomba au kitambaa kibichi, uukalishe kivulini, usiurundike ukachemka.

Anayechuma porini ana maswali ya kujibu kabla ya kuinama. Shamba hili lilipigwa dawa ya magugu lini? Mchunga ni gugu, na ndio unaolengwa na pampu ya mkulima. Unaweza kusimama kijani siku kadhaa baada ya kupuliziwa kabla haujaanza kugeuka rangi. Muulize mwenye shamba, na kama hayupo, usichume. Epuka pia kando ya barabara kuu, penye moshi na vumbi la magari, karibu na gereji, jalala, na mifereji ya maji taka, hata kama majani ya huko ni mapana na ya kuvutia. Upana huo umetoka kwenye uchafu.

Nimefika jikoni, na hapa ndipo ningependa tukae. Uchungu wa mchunga umo zaidi katika utomvu wake, na utomvu hutoka pale jani linapokatwa na kulowekwa. Kujua hilo kunatosha kumwongoza mpishi. Chambua majani, tupa yaliyokomaa na vikonyo vigumu, osha kwa maji mengi mara mbili au tatu mpaka mchanga uishe. Osha kwanza, kata baadaye. Ukikata kisha ukaosha unamwaga vitamini pamoja na tope. Kata nyembamba, kadiri ya upana wa punje ya mchele. Vipande vikubwa hubaki na uchungu katikati.

Baada ya hapo wapishi hutofautiana. Wapo wanaochemsha mara mbili na kumwaga maji yote mawili, wanakamua majani mpaka yanabaki kama uzi. Sikubaliani nao. Mboga ikifanyiwa hivyo uchungu umeondoka kweli, lakini umeondoka na vitamini C, foleti na sehemu ya madini, kwa sababu vyote hivyo huyeyuka kwenye maji. Kinachobaki kwa wingi ni karotini, ambayo haiyeyuki kwenye maji, pamoja na nyuzinyuzi. Inatosha kuchemsha mara moja tu, maji yakiwa yameshatokota na kutiwa chumvi, kwa dakika tatu hadi tano, kisha kuchuja na kukamua kidogo. Uchungu utakaobaki usiupige vita kwa maji. Utulize kwa vitu vingine.

Kitulizo cha kwanza ni kuchanganya. Mchunga haukuumbwa kujaza sufuria peke yake kwa mtu asiyeuzoea. Fungu moja la mchunga kwa mafungu mawili ya mchicha, au majani ya kunde, au matembele, au majani ya maboga: huo ni mwanzo mzuri kwa nyumba yenye watoto. Ladha ikizoeleka, ongeza mchunga polepole mpaka ufike nusu kwa nusu. Wazee watataka zaidi, na wao wapikiwe sufuria yao.

Kitulizo cha pili, na kwangu ndicho kikuu, ni nazi. Kuna nazi, chuja tui zito uliweke pembeni, kisha chuja tui jepesi. Kaanga kitunguu kidogo na nyanya, tia mboga iliyokamuliwa, mimina tui jepesi, acha ichemke bila kufunikwa mpaka tui likaribie kukauka. Tia pilipili nzima isiyopasuliwa kama unapenda harufu yake. Mwisho mimina tui zito, koroga taratibu, likichemka mara moja tu epua. Tui zito likiachwa jikoni hukatika na kutoa mafuta, na mboga hupoteza ule ulaini uliokuwa unautafuta. Mafuta ya nazi yana kazi nyingine isiyoonekana kwa macho: karotini iliyomo kwenye majani mabichi haisharabiwi vizuri na mwili bila mafuta. Mchunga wa nazi una faida kuliko mchunga mkavu, na ulimi umekuwa ukilijua hilo siku zote.

Bara, pasipo nazi, karanga zilizokaangwa na kutwangwa hufanya kazi ileile. Zichanganye na maji ya uvuguvugu kwanza zisiwe mabonge, umimine juu ya mboga, upike kwa moto mdogo ukikoroga kila wakati kwa kuwa hushika chini. Mtu wa pwani mwenye dagaa au papa mkavu aliyerowekwa atajua la kufanya. Embe bichi lililokatwa vipande vyembamba nalo linapendeza sana, kwa kuwa uchachu na uchungu vikikutana kila kimoja hupunguza ukali wa mwenzake.

Mezani kamulia ndimu au limau. Vitamini C ya ndimu huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga za majani, madini ambayo wajawazito na watoto wengi wetu wanayapungukiwa. Chai ya rangi iahirishe kwa saa moja au mbili baada ya chakula, kwani huzuia madini hayo yasisharabiwe. Na magadi, ambayo watu wengi hutia ili mboga ilainike haraka na kubaki kijani, nayapinga: huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B. Mchunga mchanga hauhitaji magadi. Kama mboga yako hailainiki, basi ulichuma iliyokomaa.

Kiporo cha mboga za majani usimpe mtoto mchanga. Naitreti iliyomo kwenye majani hubadilika kwa kazi ya bakteria mboga ikilala nje, na miili ya watoto wadogo haiwezi kuihimili. Mtoto anayeanza kula apikiwe kidogo, ale yaishe.

Sasa dawa. Sitaki kudharau walichokijua waliotutangulia. Pwani ya Kenya na Tanzania, majani na mizizi ya mchunga yametumika muda mrefu kwa homa, maumivu ya tumbo na minyoo. Watafiti waliokwenda Msambweni, Kaunti ya Kwale, kuandika dawa za asili za malaria waliukuta mchunga kwenye orodha ya wenyeji. Katika maabara, maji ya majani yake yamejaribiwa kwa panya wenye kisukari na sukari yao ikashuka. Haya ni mambo ya kweli na yanastahili kuendelezwa. Lakini panya si mtu, na orodha ya wenyeji inaonyesha watu hutumia nini, haionyeshi wangapi walipona na wangapi walipona wenyewe.

Tazama jirani yake katika familia hiyohiyo ya alizeti, pakanga ya Kichina, Artemisia annua. Mwaka 1972 timu ya Tu Youyou nchini China ilifanikiwa kutoa kutoka mmea huo kiini cha artemisinini, na mwaka 2015 mama huyo akapewa Tuzo ya Nobel. Dawa mseto tunazomeza leo kwa malaria zimetokana na ugunduzi huo. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kutibu malaria kwa chai ya majani ya pakanga, kwa sababu kiasi cha kiini hubadilika kutoka jani hadi jani, mgonjwa hapati kipimo cha kutosha, na vimelea vilivyojeruhiwa bila kuuawa huweza kujenga usugu. Ikiwa ndivyo ilivyo kwa mmea ambao kiini chake kinajulikana kwa jina na kwa gramu, itakuwaje kwa mchunga, ambao hakuna aliyekwisha kuupimia dozi ya mwanadamu?

Kwa hiyo homa ikimpata mtoto, mpeleke zahanati akapimwe. Kipimo cha malaria ni tone la damu na dakika kama ishirini. Malaria ya mtoto mdogo huweza kupanda kichwani ndani ya siku moja au mbili, na hizo ndizo siku ambazo wazazi wengine huzimaliza wakichemsha majani. Mchunga apewe akishapata nafuu, kwenye sahani, pamoja na ugali.

Wengine siku hizi wameanza kuusifu mchunga kwamba unasafisha ini. Nadhani sifa hiyo imeazimwa kwa mbigili wa nchi za Bahari ya Kati, Silybum marianum, ambao mbegu zake hutoa silimarini inayouzwa kwa vidonge katika maduka ya dawa. Huo nao uchunguzi wake umetoa majibu mchanganyiko kwa magonjwa ya kawaida ya ini. Pale ulipopata nafasi ya uhakika hospitalini ni Ulaya, ambako kiini chake huchomwa kwenye mshipa kwa waliokula uyoga wenye sumu. Mmea mmoja wa familia ukiwa na sifa, jamaa zake wote hawairithi. Anayeumwa ini, mwenye macho ya njano au tumbo lililojaa maji, asitafute mchunga. Anahitaji kupimwa homa ya ini na mengine, haraka.

Kuna watu ambao hata kwa mboga tu ningependa wasikilize. Anayemeza dawa za kisukari, iwe metformini, glibenklamidi au sindano ya insulini, ale mchunga kama mboga, lakini asinywe maji yake yaliyochemshwa sana huku akiendelea na dawa. Sukari ikishuka ghafla mtu huanguka. Anayetumia warfarini kwa sababu ya moyo au damu kuganda asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za kijani anachokula, kwa sababu vitamini K iliyomo hupingana na dawa hiyo. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize mhudumu wake kuhusu potasiamu. Mjamzito ale mboga iliyopikwa, aache mizizi na dawa za kuchemsha. Na yule anayewashwa ngozi au kuvimba macho akishika pareto au maua ya familia hiyo avae glavu anapochuma, na aonje kidogo kwanza.

Maji ya kuchemshia nayo yana mjadala wake. Wazee wengi huyanywa kikombe kimoja yakiwa ya moto, wakisema yanasafisha tumbo, na sitagombana na mzee juu ya kikombe chake. Ninachoomba ni kwamba yanywewe tu kama mchunga umetoka mahali unapopajua, kwa maana chochote kilichokuwa juu ya jani au ndani yake, dawa ya magugu ikiwemo, kimo kwenye maji hayo.

Ukitaka kutumia mimea kwa tiba na si kwa chakula, mwendee mganga aliyesajiliwa. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, na Baraza lake ndilo linalosajili waganga. Mganga anayeficha jina la mmea anaokupa, au anayekuambia uache dawa za hospitali, mwondokee. Na wewe usimfiche daktari. Ukiulizwa unatumia nini, taja mchunga na kila ulichochemsha, hata kama hukuulizwa mara ya pili. Ukiugua baada ya kula au kunywa mmea wowote wa porini, usiende hospitali mikono mitupu: ng'oa mmea wenyewe, na mizizi, majani na ua lake, uufunge kwenye mfuko uende nao. Akiuona mmea, mhudumu atajua haraka zaidi aanze wapi.